Wateja Wawili wa Mji Mmoja

Siku yangu ya kwanza katika huduma ya nyumbani, ambayo Waswidi wanaiita hemtjänst, nilipewa simu ya kazi, funguo nyingi kwenye pete moja, na vifuko vya plastiki vya kuvalia juu ya viatu. Ilikuwa Norsborg, Uswidi. Mkuu wa kitengo wa huko, mama mrefu asiyependa maneno mengi, alitusimamisha sisi wapya mlangoni akasema, "Unachokiona kwa mteja kinabaki kwa mteja. Hata mumeo hahusiki." Huo ndio wajibu wa kunyamaza. Nilicheka moyoni. Mimi nilitoka Burundi mbio nikiwa binti mdogo, nikakulia kambini Kigoma. Kunyamaza nilikuwa nimehitimu zamani.

Sikujua kwamba siku moja kunyamaza huko kutanitoa jasho. Haya ninayowasimulia yalitokea baadaye, nilipohamishiwa mtaa wa Rågsved, kwa wateja wawili nitakaowaita Bibi Hanna na Mzee Zygmunt. Hayo si majina yao, na mji wao pia nimeubatiza upya, maana wajibu ule haustaafu.

Nyinyi vijana mnaoingia leo mnadhani kazi hii ni kuosha watu na kupasha chakula. Kazi ni kusikiliza huku mikono inafanya jambo jingine. Kila mteja ana mpango wa utekelezaji, yaani maelezo ya siku anayooga na namna anavyopenda mkate wake ukatwe. Mpango wa Bibi Hanna ulisema: soksi za kubana miguu kila asubuhi. Soksi zile ni vita. Zinataka nguvu na subira, na mteja aliyekaa kitini hana pa kwenda, basi anasimulia.

Bibi Hanna alizaliwa Erlenfurt, mji mdogo wa Kijerumani wenye kiwanda cha sukari. Sukari ya viazisukari, si ya miwa. Mbele ya kiwanda alikaa simba wa jiwe, na siku ya kwanza ya shule watoto walimwekea kipande cha mkate mdomoni. "Wewe umetoka kwenye simba wa kweli," aliniambia. Nikamjibu kwamba simba wa kwanza kumwona nilimwonea hapahapa Uswidi, kwenye bustani ya wanyama, tena amelala. Kanisa lao halikuwa na picha hata moja. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha walipewa muda mfupi wa kufunga mizigo, wakapandishwa treni. Nyuma ya kanisa walimwacha mdogo wake, Dieter, aliyekufa kwa homa. "Sijui kama kaburi lake lipo," alisema kila nilipofika kwenye kisigino. "Nataka tu kujua kabla sijafa. Hata kama jibu ni baya."

Nikitoka hapo navuka barabara kwenda kwa Mzee Zygmunt, Mpolandi aliyekuja Uswidi kuchomelea vyuma. Yeye alitaka kunyolewa ndevu na kupata mtu wa kuzungumza naye. Alikulia Olszewiec, mji mdogo wa Poland wenye kiwanda cha sukari na simba wa jiwe asiye na taya la chini. Watoto walipimana ujasiri kwa kumtia mkono kooni. Kanisa lake lilijaa picha hadi hapakuwa na mahali pa kutundika nyingine.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wa pande zile wana desturi ya kuweka simba kwenye viwanda vya sukari. Kichwa kilinizunguka. Mmoja mji wake wa Wajerumani, mwingine wa Wapolandi. Mmoja simba mzima, mwingine simba kibogoyo. Hata mto waliousimulia ulikuwa na majina mawili. Nikamuuliza binti yangu, ambaye mimi humuuliza kwa Kiswahili naye hunijibu kwa Kiswidi. Akatafuta kwenye simu. "Mamma, det är samma stad," alisema. Ni mji uleule. Mpaka ulisogezwa, Wajerumani wakatolewa, Wapolandi wakaletwa, jina likabadilishwa. Nikamwambia anieleze tena. Akaeleza, na bado sikujua kama ni nchi iliyohama au ni watu.

Mzee Zygmunt mwenyewe ndiye aliyenifafanulia, povu la sabuni likiwa shavuni. Wazazi wake nao walifukuzwa, kutoka vijiji vya mashariki vilivyochukuliwa na Warusi. Walipakiwa kwenye treni pamoja na ng'ombe wao, wakashushwa Olszewiec, wakaonyeshwa nyumba. Vitanda vilikuwa bado vimetandikwa. Kwa miaka hakuna aliyetaka kupaka rangi wala kupanda mti, kwa sababu kila mtu alidhani wenyewe watarudi.

Halafu akasema jambo ambalo ningependa nisingelisikia. Baba yake alikuwa mwashi. Ilipoamriwa makaburi ya Wajerumani yasawazishwe, mawe yaligawiwa, na baba yake akayajengea ngazi za nyumba. "Nilijifunzia kusoma pale," alisema. "Mama alinikalisha, nikapitisha kidole kwenye herufi zilizochongwa." Nilimaliza kumnyoa bila kumkata, sijui vipi.

Basi fikirieni, wanangu. Mtu anauliza, jibu liko ng'ambo ya barabara, na mimi katikati nimefungwa mdomo na sheria. Nitasema wazi kwamba siku nyingine niliishukuru sheria ile. Ningeanzaje kumwambia bibi wa watu kwamba kaburi la mdogo wake huenda limekuwa ngazi? Nilitaka kumkasirikia Mzee Zygmunt, nikashindwa. Alikuwa mtoto, na babu zake mwenyewe wamelala huko mashariki, nani ajuaye chini ya nini. Na mimi je? Nyumbani kwetu Makamba wanaishi watu wengine tangu tulipokimbia. Lakini mtoto wa dada yangu naye, hukohuko Burundi, amejenga kwenye shamba la mtu aliyekimbia na hajulikani aliko. Ukiniuliza niko upande gani, nitakuomba kwanza maji ya kunywa.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo wa Rågsved, kijana mpole aliyekunywa kahawa kutwa nzima. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, bila majina.

"Kusema huwezi, Perpetua," alinijibu. "Lakini Alhamisi wazee wana kahawa ukumbini. Siwezi kumzuia mzee yeyote kukaa meza anayoitaka."

"Na wakiumizana?"

"Ni watu wazima. Sisi tunawavalisha soksi tu."

Alhamisi nikamsukuma Bibi Hanna kwenye kiti chake cha magurudumu hadi meza ya dirishani, alipokuwa ameketi Mzee Zygmunt. Nikawamiminia kahawa nikasimama karibu. Walizungumza habari za theluji. Walizungumza habari za magoti. Nilianza kuomba Mungu yaishie kwenye magoti. Kisha Bibi Hanna akauma andazi akasema kwamba kwao sukari ilikuwa tamu zaidi, ilitoka kiwanda chao wenyewe, kile chenye simba.

Mzee akaweka kikombe chini. "Simba hana taya," alisema.

"Ana taya! Nimemlisha mwenyewe."

"Bibi, nimemtia mkono mimi. Hana taya."

Wakabishana mpaka meza nyingine zikageuka, wakacheka mpaka mzee akakohoa. Ndipo Bibi Hanna akatambua amekaa na nani. Kicheko kikamkauka.

"Makaburi ya nyuma ya kanisa," aliuliza. "Yapo?"

Mzee Zygmunt akanitazama. Mimi nikatazama birika.

"Hayapo," alisema. Akamweleza yote, na ngazi hakuzificha.

Bibi Hanna alikitua kikombe kwa nguvu, kahawa ikamwagikia kwenye sahani. Nilijua nimemuua. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mlikuwa mnazifagia?"

"Nini?"

"Hizo ngazi. Mlikuwa mnazifagia?"

"Mama alizisugua kila Jumamosi, kwa maji na brashi. Alisema si vizuri majina ya watu yakae na tope."

"Kulikuwa na Dieter?"

Mzee alifumba macho akafikiri. "Sikumbuki," alisema. "Nilikuwa mdogo."

"Basi lisome jina lake sasa."

"Dieter," alisema Mzee Zygmunt.

Bibi Hanna akaniambia nimrudishe nyumbani. Hakumuaga. Kesho yake nikimvalisha soksi alilia na kutukana kwa Kijerumani, na mpaka leo sijui kama alimtukana mzee, au mimi, au mawe. Alhamisi iliyofuata akataka blauzi yake ya kijani na meza ya dirishani. Kama alimsamehe, sijui. Kila wiki waligombana juu ya taya lile, na mmoja wao alipofariki, aliyebaki hakurudi tena ukumbini.

Nilipostaafu walinipa keki na maua, mkuu wa kitengo akasoma hotuba fupi. Watoto wangu wanasema sasa nipumzike. Lakini ukipumzika ndipo mambo yako mwenyewe yanapokuja kukaa kitini. Mama yangu alizikwa pale nyumbani Makamba, kando ya jiko, kabla hatujakimbia. Kwa miaka ndugu walinipa namba ya watu wanaoishi pale, nami nikaikataa. Nilisema nikizungumza nao tu, nimewapa nyumba.

Majira ya baridi yaliyopita nikapiga. Akapokea mwanamke. Nikamwambia mimi ni nani, na baba yangu ni nani.

"Unataka nyumba, mama?" aliuliza, na nikasikia kwamba anaogopa.

"Sijui ninachotaka," nilimjibu, na ulikuwa ukweli mtupu.

Kisha akasema, "Kando ya jiko kuna kaburi, tulilikuta. Watoto huniuliza ni la nani. Huwaambia ni la bibi mwenye nyumba. Jina hatulijui."

"Anaitwa Verediyana," nilisema. "Ni mama yangu."

Nikamsikia akiweka simu kando, akiita kwa nguvu uani. "Njooni," aliwaambia watoto. "Anaitwa Verediyana."