Daraja Lisilo na Kati

Aibu hii nimeifunika kwa miaka mingi kuliko umri wako, Tusekile, na leo ninaifunua kwa sababu jana ulinisomea somo lako la Wamarekani nikashindwa kumaliza chakula. Andika ninavyosema, usipunguze neno, na usicheke.

Mimi shule sikuiona. Baba yako, mwanangu Lusajo, ndiye aliyesoma, kule Iringa, na likizo moja ya miaka ile ya sabini, tulipokuwa tumekusanywa katika kijiji kimoja cha ujamaa hapa milimani Mbeya, alinisomea daftari lake la historia huku nikipukuchua mahindi. Akasoma kwamba Wamarekani, walipokuwa wakipigana na Mwingereza, waliunda umoja wa majimbo kumi na matatu, kila jimbo kura moja, kubwa kwa dogo, na baraza lao la pamoja halikuweza kumtoza mtu kodi bali liliyaomba majimbo tu, wala mapatano yao hayakubadilishwa mpaka majimbo yote yakubali. Nikasema moyoni, huo ndio uungwana! Hapo ng'ombe akaingia kwenye maharage, nikatoka mbio, na ukurasa wa pili sikuusikia. (Ng'ombe yule ningemchinja Krismasi iliyotangulia, haya yote yasingetokea.)

Juma lile lile nikachaguliwa mwenyekiti wa daraja la miti, lililopaswa kujengwa na vitongoji vyetu vinne. Nikasimama kama waziri, nikatangaza kwamba kila kitongoji kina kura moja, mwenyekiti haamuru bali huomba, na hakuna neno litakalopita bila vyote vinne. Walinipigia makofi hata nikavimba kichwa. Kumbe kila mmoja alishangilia ruhusa ya kutoleta mbao! Kitongoji cha kwanza kilileta zake zote, cha pili nusu, cha tatu kikasema kinangoja cha nne, na cha nne, ambacho hakikuwa na safari ya kupita pale, kikajibu, "Ombi tumelisikia." Masika yakafika, daraja likawa na miguu huku na miguu kule, katikati hewa.

Katika hali hiyo Lusajo akaoa. Bibi harusi alitoka Ipogolo, Iringa, kwa lori. Nawe unajua kwamba kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemezani, na wazee wangu hawakuivunja heshima hiyo hata mmoja, kwa hiyo nilikusudia kujificha nyuma ya nyumba siku nzima. Lakini lori liliposimama ng'ambo, shangazi wa bibi harusi akaiona ile hewa yangu, nyimbo zikakatika, akapaza sauti: "Binti yetu havushwi majini kama mbuzi! Dereva, geuza gari!"

Nikawaendea wazee wa vitongoji, nikawasihi walete mbao, hata za milango yao. Yule wa kitongoji cha nne akaegemea fimbo yake.

"Ndugu mwenyekiti, leta ombi. Tutakaa, tutalijadili."

Watu wakacheka, hata upande wa wakwe. Na dereva alikwisha kuwasha gari.

Ubao uliobaki ulikuwa mmoja, mfupi, ncha yake haikuifikia nguzo ya ng'ambo. Basi nikajifunika blanketi kichwani nisimwone mkamwana, nikaingia majini hadi kiunoni, nikaibeba ile ncha begani, mimi mwenyewe nikawa nguzo. Shangazi akaridhika. Bibi harusi akapanda, na viatu vyake virefu, hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu mguu wangu ukateleza kwenye jiwe.

Tulianguka pamoja. Blanketi likachukuliwa na maji. Nilipofumbua macho, tulikuwa tumeketi mtoni tunatazamana, shela limening'inia sikioni mwangu, naye binti wa watu, kwa adabu ya kwao, akasema, "Shikamoo, baba."

Nilikimbia. Mzee mzima, nimelowa, nimekatiza katikati ya kwaya ya harusi.

Jioni Lusajo alisema nyuma ya mlango, "Baba, hukungoja ukurasa wa pili. Nao umoja ule uliwashinda, wakaketi upya, wakaandika katiba yenye nguvu." Tangu siku ile niliapa kutoisimamia sheria niliyoisikia nusu, ndiyo maana jana sikukuacha ufunge kitabu kabla ya mwisho.

Daraja sasa ni la zege, na wale wazee wote wamelala. Ninawakumbuka, hata yule wa fimbo. Mama yako hajanisemesha tena, kama desturi inavyotaka, na chai yangu huiacha mlangoni ikiwa moto. Karatasi hii mpelekee yeye. Salamu yake ya mtoni sikuiitikia.

Andika: marahaba, mwanangu.