Vidonge Alivyoficha Bibi

Ndugu wapendwa, leo binti wa miaka kumi na sita ameniambia kwamba ameacha dawa za virusi vya Ukimwi.

Bibi yake amezificha. Anasema binti ameshaombewa, na kumeza tena ni kukosa imani.

Nikaenda kwao, hapa Igogo. Sisi Wakerewe wa mtaa huu ni wachache, tunajuana wote.

Mezani nikakuta vidonge vya presha.

“Hivi ni vya nani, dada?” nikamuuliza bibi.

“Vyangu, mzee.”

“Nawe hukuombewa?”

“Niliombewa sana.”

“Mbona unameza?”

Akatazama mlangoni kwanza, jirani asije akasikia.

“Presha haina aibu, mzee.”

Binti alikuwa amesimama pale pale, kinywa kimeanza kutoka vidonda.

Ninyi mngemjibu nini bibi huyu, mjukuu wake akisikia?