Mdhamini Kutoka Soko la Maziwa

Kwa miaka mingi nilikana kwamba nataka kurudi shule. Mume wangu akinikuta kwenye tovuti za vyuo vikuu, namwambia namtafutia mpwa wangu. Mpwa wangu ni fundi wa magari mwenye kazi nzuri, na hajawahi kuniomba nimtafutie chochote.

Ukweli ni kwamba nilitaka shahada ya uzamili katika elimu ya uhalifu, nichunguze wizi wa mifugo, jambo ambalo nimeliandikia makala tangu enzi ambazo nywele zangu zilikuwa nyeusi bila msaada. Kilichonitisha ni masharti. Walitaka digrii ya daraja la pili la juu. Yangu ni ya daraja la pili la chini, tena ya fasihi, somo ambalo halijawahi kumkamata mwizi yeyote.

Kisha nikasoma historia ya profesa anayesimamia kozi hiyo. Alianza na kilimo! Akapitia sosholojia, ndipo akafika kwenye uhalifu. Nikamwona ndugu yangu kabisa. Na masharti yenyewe yalikuwa na mlango wa nyuma: mtu wa daraja langu angeweza kupokelewa kwa uzoefu wa kazi, akiwa na wadhamini wawili. Maombi na makala zangu nilikwisha kutuma, na mdhamini wa kwanza alikuwa mhadhiri wangu wa zamani. Wa pili nilikuwa bado namsaka siku nilipomweleza jirani yangu hapa Chechelesi, mama Msomali anayeuza maziwa ya ngamia. Namwita Habo, kama wanavyomwita watoto wa dada yake.

"Wanataka mtu wa kusema ananijua," nikamwambia.

"Kama sokoni?"

"Karibu hivyo."

Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye soko letu la mifugo huendi kuuza mbuzi peke yako. Unakwenda na mtu anayekujua, asimame mbele ya mnunuzi aseme mnyama huyu si wa wizi. Habo akaninyang'anya simu, namba ya profesa ikiwa pale pale kwenye kioo, akapiga.

"Salaam aleikum, profesa! Huyu msichana namjua tangu duka la baba yake. Ni Mmeru, lakini ni wetu. Hajaibwa mahali. Miguu mizima, meno iko. Mdomo tu ndio mrefu, hiyo utavumilia."

"Habo, umenimaliza!"

"Nyamaza. Mbuzi haongei akiuzwa."

Wiki hiyo sikufungua tovuti yoyote. Mume wangu akauliza, kwa uso wa mtu asiye na hatia, kama mpwa wangu amekata tamaa. Nikamrushia kitambaa cha meza, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akaketi chini.

Nilikuwa namenya viazi profesa aliponipigia.

"Makala zako tulizipenda," akasema. "Wasiwasi wetu ulikuwa mmoja. Ukiuliza habari za wizi wa mifugo, na wenyeji wasikuamini, nani atakufungulia mdomo?" Nikamsikia akijizuia kucheka. "Sasa tunajua. Karibu darasani. Na mwambie yule mama mnunuzi amekubali, ila meno tutayakagua wenyewe."