Chuma Mgongoni mwa Sylvestre

Tangu aanguke kutoka kwenye mchikichi kule Gatete, miguu ya Sylvestre ilikuwa inamuaga polepole. Kwanza vidole vilikufa ganzi, kisha magoti yakagoma. Mkata ngazi za chikichi hodari, jamani, sasa anasukumwa kwa kiti na mkewe Elda kama gunia la muhogo, na hofu ilikuwa imemnyima hata usingizi.

Hospitali moja ya Bujumbura ilikuwa na mashine ya sumaku. Daktari alimweleza kwamba picha za kwanza, za kiunoni tu, zimeonyesha mfupa uliovunjika, lakini hazisemi kama neva zilizo ndani ya mgongo zimekufa. Picha za sumaku zingefuatilia jinsi maji yanavyosogea ndani ya nyuzi za neva, kuanzia shingoni mpaka chini. Neva zikionekana hai, atapasuliwa, na huenda akatembea.

Mlangoni fundi wa mashine akashika karatasi ya maswali. "Muzee, mwilini iko chuma yoyote? Musumari, kipande cha bomu, risasi?"

Elda akamjibia, akicheka kidogo. "Huyu wangu? Chuma yake ni panga tu."

Fundi akaandika hapana.

Chuma kilikuwepo, kati ya mabega ya Sylvestre, kando kabisa ya uti wa mgongo. Miaka yote alimwambia mkewe kovu lile ni la kuti la mchikichi. Na usidhani ni uongo mdogo, maana ulibeba mwingine mkubwa. Wakati wa vita, Léonard, kaka yake Elda, aliuawa ufukweni Nyanza-Lac akitafuta mtumbwi wa kukimbilia Tanzania. Sylvestre aliapa kwamba siku ile hakuwa naye.

"Vizuri," fundi alisema akifungua mlango. "Ingekuwepo, sumaku ingeivuta. Karibu na mugongo, basi, miguu na mikono kwisha."

Sylvestre aliogopa kuingia. Kufungua mdomo aliogopa zaidi. Kiti kikaanza kusogea.

"Ngoja," alisema. "Iko risasi. Hapa mugongoni."

Fundi akakirudisha kiti nyuma haraka, akasema lazima wapige radio kwanza, yaani eksirei, waone ilipo. Akaingia ndani kupiga simu.

"Risasi ya wapi, Baba Joanita?" Elda aliuliza.

"Nyanza-Lac."

Elda alizunguka akasimama mbele yake. "Ulikuwa naye."

"Nilikuwa naye. Walimupiga muguuni, akaanguka. Mimi nikakimbia. Hii ilinikuta nikikimbia."

"Alikuita?"

Hapa Sylvestre angeweza kudanganya, hakuna mashine ya kumuumbua.

"Aliniita mara mbili."

Fundi akarudi, akasema chumba cha radio kiko mwisho wa korido, mama amsukume taratibu. Elda akachukua mkoba wake uliokuwa umening'inia nyuma ya kiti.

"Musukume wewe," alimwambia fundi, akaenda kukaa kwenye benchi, uso ameuelekeza ukutani.