Waya wa Pili

Kabla ya kompyuta, swichibodi ya kiwanda chetu cha majani chai ilikuwa mimi. Mtu akipiga simu kutoka Kericho mjini hakunitajia namba. Alisema, "Mama, nipatie mzee wa boila," nami nilijua saa hiyo mzee, mchochea moto wa mvuke wa kiwanda, yuko kantini anakunywa chai, nikamtafutia huko. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa nyumba ya kampuni, chumba kimoja na jiko. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Kwetu ni upande wa Chepilat, na huko sikuwa na hata pa kuweka kitanda.

Mwishoni mwa miaka ya tisini meneja akaleta kompyuta, akasema simu nazo zitawekewa mashine ya kujibu. Nafasi pekee iliyobaki ilikuwa kuangalia mtandao, na akanipa kwa sababu eti mimi ni mtu wa waya. Mtandao ukienda sawa mpaka mvua ziishe, nitabaki. Ukisumbua, hesabu zote zitahamia Nairobi, na mimi nitafunga virago.

Nikajifunza kwa hofu. Hab, kisanduku cha kuunganishia nyaya za kompyuta, niliidharau mapema: ukiipa ujumbe wa mmoja inawatangazia wote, kama nyapara anayemwita mchumaji mmoja na shamba zima likainua vichwa. Wakisema wawili pamoja, maneno ya wote yanaharibika. Briji ilikuwa na akili kidogo. Ilikaa kati ya ofisi na ukumbi wa mashine, ikasikiliza nani anakaa upande gani, na maneno ya ofisi kwa ofisi haikuyavusha.

Baadaye meneja aliiondoa briji, akaweka swichi, moja ofisini na moja ukumbini. Swichi ni briji yenye milango mingi. Inajua kila mashine iko mlango upi, inaipelekea hiyo tu. Niliipenda, kwa sababu ilikuwa inafanya kazi yangu. Lakini isiyemjua inamtafuta kwa kubisha milango yote, na anayenyamaza dakika chache inamsahau.

Ruta haikuwa na habari na watu wetu. Kazi yake ilikuwa njia: huu ujumbe si wa hapa, upelekwe Nairobi. Niliichukia tangu siku ya kwanza.

Sasa, katika kiwanda kile hakuna kitu kilichokaa peke yake. Kila feni ilikuwa na mwenzake wa akiba, kila pampu na mwenzake, na jenereta ilisubiri stima ipotee. Majani mabichi hayangoji mtu. Kwa hiyo mzee wa boila alipoona waya mmoja tu ukipita chini ya paa kutoka ofisini hadi ukumbini, hakupata amani.

"Mama, mvua ya mawe ikikata hii waya, si watakufukuza?"

"Watanifukuza, mzee."

Nilidhani tunapiga gumzo tu. Siku iliyofuata, nikiwa kwenye chakula cha mchana, akavuta waya wa pili. Aliupigilia vizuri, bila kupinda popote, akauchomeka kwenye swichi zote mbili.

Zile swichi hazikujua maana ya spea. Ujumbe wa kubisha milango yote ulitoka kwa waya huu ukarudi kwa ule, ukatoka tena, kila swichi ikimrudishia mwenzake. Ruta kila ikipitisha ujumbe inaupunguzia uhai, ili usizunguke milele. Swichi haipunguzi kitu. Taa zote ziliwaka na kuzima kwa pamoja, kompyuta za mizani zikaganda, na malori ya majani yakapanga foleni hadi getini.

Nilitafuta kila mahali isipokuwa pale juu, maana nani huangalia paa? Meneja alisimama nyuma yangu. Nilipouona ule waya na kuuchomoa, kila kitu kilirudi sawa. Majani yalikuwa yameshapata joto na kuharibika ndani ya malori.

"Nilikuwa tu nataka kukusaidia, mama," mzee alisema.

"Najua, mzee."

Nilijua kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningepata mtu wa kumkasirikia, ningelala. Meneja hakutaka maelezo. Hesabu zilipita kwenye ruta zikaenda zao Nairobi, na mzee ndiye aliyenibebea kitanda mpaka kwenye pikapu.

Miezi ilipita pale Chepilat, kwenye chumba cha kuazima nyuma ya nyumba ya kaka yangu. Siku moja nikaingia kibanda cha simu sokoni nikapiga kiwandani, nimsalimu tu mzee. Sauti ya mashine ikaniambia nibonyeze namba ya mtu ninayemtaka. Namba mpya zilitolewa nilipokwisha kuondoka. Ilikuwa saa ya chai, nami nilijua mzee yuko kantini, kwenye benchi ya karibu na mlango. Nikasimama na mkono wa simu sikioni, sina la kubonyeza. Nikanyamaza, na baada ya muda mfupi mashine ikakata.