Ziwa Mkono wa Kulia

Jicho langu la kushoto lilizima taratibu, kama chemli inayoishiwa mafuta, na kabla mimi sijauzoea upofu wa upande mmoja, familia yangu ilikuwa imeshauzoea. Kila kitu kiliondolewa mikononi mwangu. Nikinyanyua chupa ya chai, mtu anaipokea. Nikielekea mlangoni, mtu anauliza ninakwenda na nani. Mimi ambaye kwa miaka mingi niliandika makala za magazetini nikiwashauri watu wasiowahi kuniomba ushauri, nikawa kitu cha kusafirishwa, kama kuku, ila kuku angalau huulizwa bei.

Kwa hiyo chuo kimoja cha Singida kiliponialika kuzungumza na wanafunzi wa ualimu kuhusu uandishi wa insha, ziara fupi tu, nilikubali kabla ya kumwambia mke wangu. Nilimwambia tukiwa mezani, mdomo umejaa ugali, ili asinielewe vizuri. Alinielewa.

"Utakwenda na kaka," alisema.

Kaka yake, shemeji yangu, amestaafu. Ana muda mwingi na maneno mengi zaidi. Akikaa na wewe kwenye basi anakusomea mabango yote ya barabarani kwa sauti, na alikuwa akifanya hivyo hata wakati nilipokuwa na macho mawili.

"Singida nakwenda peke yangu."

"Na Kigoma?"

Kigoma ulikuwa mwaliko mwingine, wa mwezi uliofuata, safari ndefu kuliko hiyo.

"Na Kigoma pia."

Tulibishana mpaka mboga ikapoa, na mwishowe akatoa sharti. Nikitoka nyumba ya wageni hadi chuoni na kurudi, kwa miguu yangu, bila kupotea na bila kupelekwa na mtu, basi Kigoma nitakwenda mwenyewe. Nikishindwa, ni kaka, Kigoma na kwingine kote, mpaka mmoja wetu atangulie kaburini. Nilikubali papo hapo. Mwenye jicho moja huwa mwepesi kukubali kwa sababu masharti anayaona nusu.

Nilifika Singida jioni, nikapokelewa na mwenyeji wangu, mhadhiri wa makamo kama mimi, mwenye kitambi kama changu. Aliniahidi gari la chuo asubuhi. Nikakataa. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyekataa chakula.

"Ni karibu?" niliuliza.

"Si mbali. Lakini kwa nini uteseke?"

"Nataka kuuona mji."

Akaguna, akanitoa hadi barazani na kunionyesha maji yaliyokuwa yaking'aa nyuma ya mawe makubwa. "Basi shika barabara hii. Ziwa liache mkono wako wa kulia. Likiwa kulia muda wote, utaliona geti letu mbele yako."

Maelekezo hayo niliyapenda mno. Kulia ndiko ninakoona. Nikalala nikiamini kwamba mji mzima umepangwa kwa ajili ya jicho langu lililobaki.

Asubuhi nilizima simu ili nisiulizwe nimefika wapi, nikavaa viatu vyangu vya mihadhara na kutoka. Nje ya geti vijana wa bodaboda walikuwa wameegemea pikipiki zao, wakaniamkia shikamoo kwa pamoja kama darasa.

"Panda mzee, tukupeleke."

"Natembea."

"Mzee, na upepo huu? Utarushwa mpaka Shelui!"

"Nikifika Shelui nitawasalimia."

Walicheka, mmoja akaniwekea pikipiki mbele kwa heshima zote, mwingine akawasha kabisa. Ili kuwakwepa nikakata kona kwenye kichochoro kati ya maduka. Hapo ndipo ziara yangu ya kitaaluma ilipoharibika, ingawa wakati ule nilijiona mjanja.

Kichochoro kilipinda, kikapinda tena, kikapita nyuma ya mashine ya kukamua alizeti, kikanitoa kwenye njia pana ya vumbi. Ziwa halikuwapo. Nilitembea kwa muda nikijifanya sina wasiwasi, nikisalimia watu kwa sauti ya mwenyeji. Kisha nikasikia harufu ya magadi, na kwa kuwa upande wa kushoto hauniletei habari, ilinibidi nigeuze kichwa chote kama bundi. Maji yalikuwa huko. Kushoto.

Mtu mwingine angejiuliza jambo. Mimi sikujiuliza, nilikuwa na kanuni. Ziwa linatakiwa kulia, liko kushoto, basi mimi ndiye niliyegeuka. Nikageuka nyuma, nikaliweka ziwa mahali pake, nikaenda zangu kifua mbele. Palikuwa na jiwe lililobeba jiwe jingine, nikajiambia hilo nalo nililiona jana kutoka barazani. Kwa kweli Singida mawe yaliyobebana hayana idadi.

Nilitembea mpaka nyumba zikaanza kuachiana nafasi na mbuzi wakawa wengi kuliko watu. Ndipo nikamfikia mama mmoja aliyenizidi umri kwa mbali, anatoka mjini, kikapu kichwani na kidumu cha mafuta mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Unakwenda wapi?"

"Natembea tu, mama. Napunga upepo."

Alisimama. Akanitazama kuanzia viatu.

"Upepo wa Singida haupungwi, unakupiga. Na mwenye viatu hivyo hatembei tu. Unakwenda wapi?"

Nikamtajia chuo. Akacheka mpaka akalazimika kukishika kikapu.

"Chuo umekipa mgongo, baba. Nani kakuelekeza huku?"

"Niliambiwa ziwa liwe mkono wa kulia." Nikalionyesha kwa fahari. "Si hilo?"

"Hilo ni Kindai. Chuo chako kiko ziwa la pili, Singidani."

Nilikuwa nimesoma mpaka chuo kikuu, nikaandika juu ya nchi hii kwa muda mrefu, na haikuwahi kunijia akilini kwamba mji mmoja wa bara, uliozungukwa na ukame, unaweza kuwa na maziwa mawili. Nililishika ziwa lisilo langu kwa uaminifu wote.

"Nionyeshe tu njia, mama, nitafika."

"Nikuonyeshe kwa kidole? Kidole ni cha kuonyeshea mbuzi. Mgeni anasindikizwa." Akageuka, akaanza kurudi alikotoka.

"Mama, hapana. Wewe unakwenda nyumbani."

"Nyumbani hakuhami."

"Sitaki kusindikizwa!" Nilisema kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia. Aliponitazama nikalazimika kueleza pale pale njiani, upepo ukinijaza vumbi mdomoni: jicho, mke, shemeji, Kigoma. Nilimwambia kwamba nikipelekwa na mtu, nimeshindwa, na kwamba kuanzia siku hiyo sitatoka tena nyumbani bila mlinzi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaninyooshea kile kidumu.

"Shika basi hiki, uache kunung'unika. Kimenichosha mkono."

Nikakipokea. Kilikuwa cha lita tano, kimejaa, mfuniko wake umekazwa kwa kipande cha nailoni. Tulikwenda mbali kidogo kabla sijaelewa kwa nini nilikuwa nimefurahi. Tangu jicho lizime hakuna mtu aliyewahi kunipa mzigo. Watu walinipokonya tu. Mama huyu alikuwa amekwisha kuambiwa habari zangu zote, na jambo aliloona la maana ni kwamba nina mikono miwili.

Alikuwa akitembea kushoto kwangu, nami nikamwambia upande huo simwoni.

"Si kitu. Marehemu mume wangu alikuwa hasikii sikio la kulia. Nilikuwa nikitaka kumsema, nakaa kulia."

Kila tuliyempita alimsalimia kwa Kinyaturu na kueleza habari zangu, nadhani zote, maana nilikuwa nikisikia kimya kifupi halafu kicheko. Mzee mmoja aliyekuwa akifunga magunia ya vitunguu alitusindikiza kidogo, bila kuombwa, akimwuliza mama habari za shamba, kisha akarudi. Yule mzee alikuwa anaona vizuri, mama pia, na bado walisindikizana. Nikaanza kuutilia shaka mkataba wa mezani kwetu.

Mwenyeji wangu alikuwa amesimama getini, kitambi kinahema. Aliponiona na kidumu alikimbilia kunipokea. Nikakivuta nyuma.

"Kiache. Ni changu."

"Tumekutafuta! Simu haipatikani! Mkeo naye..." Akanipa simu yake. Kumbe mke wangu alishapiga simu chuoni tangu jana yake, wakapeana namba kama majirani.

"Ulipotea," mke wangu alisema, bila salamu.

"Nilipotea."

"Umepelekwa na mtu?"

Ningeweza kudanganya. Mwenyeji wangu alikuwa ametazama pembeni kwa adabu.

"Nimesindikizwa. Na Kigoma nakwenda peke yangu."

"Baba watoto, tulikubaliana!"

"Tulikubaliana vibaya. Huku watu wenye macho yao yote wanasindikizana, na hakuna anayefungiwa nyumbani kwa hilo. Nikipotea, nitauliza. Nikiuliza, nitasindikizwa. Sitakaa ndani kwa sababu hiyo."

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Mke wangu."

Akaomba simu, akaishika mbali na sikio kama kitu cha moto, akapaza sauti kana kwamba anaongea na ng'ambo ya ziwa. "Mama, hujambo? Mumeo mbishi. Lakini mafuta yangu hayajamwagika hata tone." Akanirudishia simu, akachukua kidumu chake. Mke wangu alikuwa amekata.

Nikamwambia mama kwamba na mimi ni zamu yangu kumsindikiza.

"Halafu nikurudishe tena? Tutalala saa ngapi? Nenda kafundishe." Na akaondoka, kikapu kimenyooka katikati ya upepo.

Niliwafundisha wanafunzi uandishi wa insha nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Sidhani kama walijifunza mengi. Waliuliza zaidi habari za kidumu, kwa kuwa dirishani walikuwa wameona kila kitu.

Jioni gari la chuo lilikuwa limeegeshwa mbele ya ukumbi, mlango wazi, dereva anatabasamu. Nilimshukuru dereva, nikampa mwenyeji wangu mkono, nikalipita gari. Nilikuwa nimeshafika nje ya geti nilipogundua kasoro kubwa ya maelekezo yangu: wakati wa kurudi, ziwa linakuwa kushoto. Mji ule haukuwa umepangwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Nikaenda hivyo hivyo. Maji yalikuwa kwenye giza langu, na kila nilipotaka kuhakikisha nilisimama na kugeuza shingo, wapita njia wakiniamkia na mimi nikiwauliza, bila aibu, kama hili ni lenyewe. Simu, ambayo sasa nilikuwa nimeiwasha, ikalia.

"Uko wapi?" mke wangu aliuliza.

"Sijui vizuri. Lakini ni Singidani, nimewauliza watu wawili."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu. Hao wawili wanakuja nyuma."

Nilimsikia akihema. Ilikuwa pumzi ile ya mtu anayetaka kuendelea kukasirika na ameanza kuchoka.

"Kaka ameshanunua begi la safari ya Kigoma," alisema.

"Mwambie asilirudishe dukani," nikasema. "Nitaliazima."