Mstari Mwekundu wa Fundi wa Kola

Runinga ilifungwa ukutani siku ya Jumatatu, tarehe mosi, juu ya meza ya pasi, mahali ambapo kwa miaka yote palining'inia kalenda ya duka la vitambaa. Mafundi wa umeme walipoondoka, binti wa mzee wetu, mwenye karakana, alisimama mbele yetu na kishikwambi mkononi, akatuambia kwamba ile sasa ndiyo dashibodi. Sisi tuliokuwa tukishona sare za shule pale Temeke tulikuwa kumi na wanane, na dashibodi pekee tuliyoijua ilikuwa ya gari.

"Kwa hiyo taa nyekundu ikiwaka ndo oili imeisha?" fundi wa kola akauliza, na karakana nzima ikaangua kicheko.

"Karibu na hapo," binti akajibu, naye anacheka.

Alitueleza taratibu. Kila fundi alikuwa na mstari wake ukutani, jina pembeni. Ukimaliza fungu la vipande kumi, unakwenda kwenye kishikwambi kilichofungwa kwenye meza ya pasi, unagusa jina lako mara moja, na mstari wako unarefuka. Lengo lilikuwa mafungu manane kwa siku, na mstari ulikua hivyo kuanzia mwanzo wa mwezi hadi mwisho. Kama hujafika hata nusu ya pale unapotakiwa kuwa siku hiyo, mstari ni mwekundu. Ukifika nusu, unageuka njano. Ukienda sawa na lengo, kijani. Chini kabisa palikuwa na mstari mnene wa timu nzima, na huo ulikuwa mzigo wangu, maana mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa timu.

Msomaji wa mji huu ameshaona tatizo liko wapi. Dar ina timu mbili za mpira ambazo sina haja ya kuzitaja. Moja huvaa nyekundu, nyingine huvaa kijani na njano, na watu waliokula sahani moja tangu utotoni hununiana kwa sababu ya timu hizo siku mbili, kisha wanaendelea kula. Mimi ni wa kijani na njano. Nilikuja mjini kutoka Njombe nikiwa sijui hata kona inapigwa wapi, nikaolewa kwenye nyumba ya kijani, na waliohamia ukubwani ndio tunaozidisha kelele. Fundi wa kola alikuwa mwekundu wa kuzaliwa. Cherehani yake aliifunika kwa kitambaa chekundu, mto wake wa pini ulikuwa mwekundu, na timu yake ikifungwa hakunywa chai ya saa nne.

Tulipendana sana, yule mwanamke na mimi. Nasema hili mapema kwa sababu mengine nitakayoyasema hayanisifu.

Siku ile ya kwanza, kabla ya saa kumi, mistari kadhaa ilikuwa imeshageuka kijani, na mmojawapo ulikuwa wa mama wa matundu ya vifungo, ambaye naye ni mwekundu. Sikuweza kujizuia. Nilitoa simu, nikapiga picha ukuta, nikaituma kwenye grupu la kazini na maneno haya: "Usajili mpya huu. Karibu nyumbani mama, jezi yako ipo." Watu walicheka mpaka cherehani zikasimama. Mama wa matundu mwenyewe alicheka, akaniahidi kisasi. Fundi wa kola alisoma, akairudisha simu kwenye droo ya cherehani, akasema, "Mie hapo hamnioni ng'o."

Nilidhani anaongea tu kama tunavyoongeaga.

Basi wiki zikapita. Mistari yetu ikawa njano asubuhi, kijani jioni, na mstari wa fundi wa kola ukabaki mfupi na mwekundu kama pilipili. Niliuona. Siwezi kusema sikuuona, ulikuwa mbele ya macho yangu kila nilipoinua kichwa. Na ukweli ni kwamba ulinifurahisha. Nilikuwa nikipita karibu naye nikimwambia, "Shoga, umebaki peke yako uwanjani," naye hujibu bila kuinua macho, "Uwanja wetu haujawahi kuwa mtupu." Kiongozi wa timu mwenye akili angemuuliza kuna nini. Mimi niliangalia mashati. Mashati yalikuwa yanatoka, yana kola, na kola zile zilikuwa kama anavyozishona yeye siku zote. Alikuwa akigeuza pembe ya kola kwa ncha ya mkasi bila kutoboa kitambaa, pembe ya kushoto ikafanana na ya kulia, na sijamwona mwingine anayeweza hivyo kwa kasi ile. Nikasema moyoni, atakuwa anasahau kugusa kishikwambi. Nikaendelea kutania.

Lazima nieleze alivyokuwa akiishi. Alifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila ukikaribia kuisha alikuwa halali vizuri. Mama yake yuko Kimbiji, ana kisukari, na kila baada ya wiki mbili fundi wa kola alibeba dawa na vipimo kutoka mjini, akavuka Kigamboni, akapanda bodaboda kwenye barabara ile mbovu hadi kijijini. Mkataba wa kudumu ungemletea kadi ya bima ambayo ingemtibu na mama yake. Aliniambia hilo mara nyingi, wala hakuwa ananiomba kitu. Watu wawili wanaokula wali kwenye kontena moja wanaambiana mambo.

Jumanne ya wiki ya nne binti aliniita kwenye kiofisi chake cha vioo. Mzee mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, anakunywa chai ya maziwa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Binti aliniambia kwamba Ijumaa watu watatu wa mikataba mifupi wangepewa ya kudumu, na mmoja asingeongezewa kabisa. Akanigeuzia karatasi. Huyo mmoja alikuwa fundi wa kola.

"Anafanya chini ya nusu ya kazi, mwezi mzima," binti akasema. "Nimeshangaa hukuniambia, dada. Wewe ndiye uko naye pale."

"Sasa kola za mashati yote hayo zinashonwa na nani?"

"Ndicho nilichotaka kukuuliza. Nilidhani mnamsaidia."

Nilitoka pale nimewaka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira yangu ikitoka hutafuta mtu wa kumwangukia. Nilimkuta nyuma ya karakana, anasuuza kontena la chakula bombani. Nikamvaa bila salamu: anagusa kile kishikwambi mara ngapi kwa siku?

"Mara tatu," akasema.

"Tatu? Na unashona mafungu mangapi?"

"Tisa. Siku nyingine manane."

"Na hayo mengine kwa nini huyagusi?"

Alifunga bomba. Akanitazama kama anayeulizwa jambo ambalo mtoto analijua. "Nikigusa mara nne naenda njano. Nikifika nane naenda kijani. Na wewe una simu."

Hasira yote iliniishia pale pale, ikaniacha na aibu. Picha niliyopiga kwa dakika moja, nikaicheka siku mbili, yeye alikuwa ameishi nayo wiki tatu na zaidi. Kila siku alihesabu mpaka tatu, akaacha, akashona mafungu sita ya bure mbele ya ukuta ule kusudi nisimpige picha.

Nikamwambia kuhusu Ijumaa. Nilimwambia yote, na ile karatasi pia. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono yake bado inachuruzika maji.

"Mie sikujua inahesabiwa hivyo," akasema. "Nilijua ni runinga tu." Akajipangusa mikono kwenye kitenge. "Nitamwambia nini mama?"

Nikarudi kiofisini. Kumweleza binti kulikuwa kazi kweli. Kwao ni Wahindi, wanatazama kriketi, si mpira. Alizaliwa hospitali ileile waliyozaliwa wanangu, lakini nilipomwambia kwamba mtu anaweza kukataa kugeuka kijani ukutani, alinisikiliza kama ninayemsimulia desturi za nchi ya mbali. Nikamwambia kuhusu ile picha. Nikamwambia kwamba niliuona mstari mwekundu siku zote hizo nikaufanyia mzaha badala ya kuuliza, na kwamba kosa ni langu. Sikupenda kuyasema maneno hayo mbele ya mzee, niliyefanya naye kazi miaka kumi na moja, lakini niliyasema.

Mzee aliweka kikombe chini. Mabega yalikuwa yanamtikisika. "Na nyekundu ndiyo umewawekea wavivu?" akamuuliza binti yake. "Nyekundu? Temeke hii?"

Binti hakucheka. Alitaka uthibitisho, na ilikuwa haki yake. Bahati nzuri mpiga pasi wetu alikuwa mtu wa mazoea. Tangu zamani kila fungu lilifungwa na kikaratasi chenye alama ya fundi, naye akifungua fungu alikichoma kikaratasi kwenye msumari wake wa ukutani, na dashibodi ilipokuja hakuna aliyemwambia aache. Tukaushusha msumari mzima. Tulichambua vikaratasi sakafuni, binti amepiga magoti kama mimi, na vya fundi wa kola, tangu mwezi ulipoanza, vikafika mia moja na arobaini. Ukutani alikuwa na arobaini na nane. Hakuna fundi wa mkataba mfupi aliyekuwa amemfikia.

"Sawa," binti akasema, anajipangusa magoti. "Lakini mimi sitamwingizia. Nikianza kuingiza kwa mkono wangu, kesho kila mtu atakuja na hadithi yake. Mafungu ni yake, aje ayaguse mwenyewe, leo. Hesabu ikitimia, jina lake naliandika la kwanza."

Tisini na mbili. Mbele ya watu wote, saa tisa mchana.

Nilipompelekea habari fundi wa kola, kwanza alishika kichwa kwa furaha, kisha akaelewa atapaswa kufanya nini. Mkono ukashuka.

"Hapo mbele? Wote mnaniangalia?"

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilikutania mpaka nikasahau kazi yangu."

"Utani si ishu, shoga. Ungeacha kunitania ningejua unaumwa." Alitazama upande wa runinga. "Ila bora ningevua viatu nikatembea pekupeku mpaka Kimbiji."

Alikwenda. Alipita katikati ya cherehani na kitenge chake kiunoni, mgongo umenyooka, na habari ilikuwa imeshamtangulia, kwa sababu kila aliyempita aliacha kushona. Alisimama mbele ya kishikwambi. Kidole chake kikabaki hewani. Nikawaona wenzangu wawili wa kijani na njano wanatabasamu wakijiandaa, na mmoja mkono wake unateremka kuelekea mfukoni.

Nikachukua simu yangu, nikaitia kwenye droo, nikaifunga kwa sauti ili wasikie. Nikageukia ukuta wa nyuma, kwenye majora ya vitambaa.

"Wa kijani na njano wote," nikasema, "geukeni."

"Hata kidogo tu?" mmoja akauliza.

"Hata kidogo."

Nikasikia viti vinaburuzwa. Wakageuka. Na wekundu nao wakageuka, ingawa sikuwaambia, mpaka mpiga pasi, mpaka mzee aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake. Tukatazama majora ya bluu na kaki kama wanafunzi walioadhibiwa. Kishikwambi kikaanza kulia nyuma yetu, ti, ti, ti, na mimi nikawa nahesabu kimyakimya. Kwenye kumi na kitu akapunguza mwendo, nikajua amefika njano. Kisha akaendelea.

"Jamani," akasema katikati, "kuna anayechungulia?"

"Hakuna!" tukaitikia wote kwa pamoja.

Lakini nilichungulia. Sijawahi kumwambia, na hata leo, akiwa na kadi yake ya bima na mama yake anatibiwa kwa kadi hiyo, nikimwambia atanuna wiki nzima. Nilizungusha shingo kidogo tu, nikaona mstari wake ukutani, kijani kibichi, mrefu kuliko wa mtu yeyote wa mkataba mfupi, bado unasogea. Naye alikuwa ameliegemeza goti kwenye meza ya pasi, kidole cha mkono mmoja kimekaa juu ya jina lake, kinapanda na kushuka, na macho yake mwenyewe ameyafumba.

Nikarudisha uso haraka kwenye majora, nikaendelea kuhesabu kuanzia themanini na tisa.